Taa za Kumtoa Mwali

Habari aliileta Mwaisha, na aliileta kisimani kabla hata hajautua mtungi.

"Bibi Chausiku anafuga jini," alisema. "Tena jini asiyependa mwanga. Ndiyo maana jua likizama nyumba ile inakuwa nyeusi kama tako la chungu."

Pili alikuwa ameinama akichota maji, mtoto wake Yunusi amelala mgongoni. Alijiinua polepole asimwamshe. Nyumba yake na ya Bibi Chausiku zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Kama upande ule kungekuwa na jini, Yunusi ndiye angekuwa wa kwanza kumsikia.

"Umemwona?" aliuliza.

"Jini haonekani, shoga. Angeonekana ningekwisha mwita shemeji."

Wanawake wakacheka hata kata ikamponyoka mmoja ikatumbukia kisimani. Mwaisha hakungoja waishe.

"Sasa niambieni. Kila Ijumaa yumo dukani kwa Vinubhai na chupa yake, ananunua mafuta ya taa. Taa hawashi. Hayo mafuta anayanywa nani?"

Pili alirudi nyumbani na swali hilo limemkaa kichwani kuliko mtungi.

Bibi Chausiku alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, aliyezaliwa juu Mgeta na kuolewa huku chini Morogoro siku nyingi kabla ya Wadachi kuleta reli. Mume alikufa, binti yake akafa, akabaki na mjukuu mmoja wa kike, Mwanahawa, ambaye alikuwa amevunja ungo na sasa amewekwa ndani, mwali, haonekani na mtu wa nje wala sauti yake haisikiki. Hilo halikuwa ajabu kwa mtu yeyote. Ajabu ilikuwa ugomvi wa bibi huyu na taa.

Reli ilipofika, mafuta ya taa yalikuja kwa madebe, na mji mzima ukaingiwa na wazimu. Kila nyumba ikawa na koroboi, kile kitaa cha bati chenye utambi mdomoni. Watu waliziwasha jua bado linawaka ukutani, wakaziweka barazani ili jirani aone, kisha wakaingia ndani kupiga soga uani. Bibi Chausiku hakuvumilia. Alikuwa akipita mlango kwa mlango, akipiga hodi, na kabla hajaambiwa karibu, alikwisha puliza.

"Taa hii inamwangazia nani? Ukuta? Ukuta unatia uzi kwenye sindano?"

Alizima ya Mwaisha. Alizima ya shehe aliyekuwa amesinzia juu ya msahafu, kwa adabu, kwa ncha za vidole. Siku moja alikwenda stesheni, akakuta kandili inawaka mchana kweupe juu ya mlango, na chini yake askari Stambuli amesimama na bunduki.

"Shikamoo, bibi," Stambuli akasema, maana hata askari wa Mdachi alizaliwa na mama.

"Marahaba, baba. Jua limepungukiwa nini hata mkalisaidia?"

Stambuli akaitazama kandili, akalitazama jua, akamtazama bibi. Kisha akaegemeza bunduki, akapanda juu ya gogo, akaizima mwenyewe kabla Mzungu hajatoka. Siku nzima ile mtu akipita stesheni alimkuta anacheka peke yake.

Naye Pili hakusalimika. Jioni moja alikuwa amejilaza, Yunusi kifuani, koroboi inawaka karibu na mlango. Aliposhtuka, palikuwa giza, na katika giza hilo kulikuwa na harufu ya utambi na sauti ya Bibi Chausiku.

"Mtoto kafumba macho, mama mtu kafumba macho. Taa mnamwashia panya?"

Pili alitaka kukasirika. Lakini bibi alimfunika mtoto kanga miguuni kabla ya kutoka, na mtu aliyemfunika mtoto wako kanga ni vigumu kumkasirikia hadi mwisho.

Kesho yake alipeleka uji upande wa pili, na ndipo alipoona. Bibi Chausiku alikuwa amechutama uani, chupa yake ya Ijumaa mkononi, akimiminia mafuta kwenye debe kwa utulivu wa mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Debe lilikuwa karibu kujaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeliona jini langu." Hakugeuka. "Kaa chini, mwanangu. Ukishajua, angalau mtu mmoja hapa mjini atakuwa anajua."

Akamweleza. Kaka yake mkubwa, Mzee Pazi, ndiye mkuu wa ukoo, na watoto wa Waluguru ni wa upande wa mama. Mwanahawa ni wa ukoo ule. Pazi alitaka mwali atolewe mlimani, na akishatolewa huko ataolewa hukohuko. Alisema mjini watu wanamtoa mwali kwenye moshi wa koroboi, kama wanafukuza panya buku shimoni.

"Nikamjibu kwa hasira. Nikamwambia, kaka, mwali wangu atatoka kwenye mwanga utakaokuonyesha shanga za kichwani mwake moja moja mpaka rangi zake. Akacheka. Akasema, vyema, nitashuka mwezi ukiwa haupo, usije ukamwazima Mungu taa yake. Nikiziona shanga, na mwali akicheza vizuri, abaki kwako. Nisipoziona, naondoka naye."

Alifuta mdomo wa debe kwa kidole, akakipaka kidole kile kwenye utambi wa koroboi yake ili mafuta yasipotee bure.

"Akiondoka naye, Pili, mimi nitabaki kusalimiana na mafiga."

Pili alitazama mlango wa chumba cha mwali. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha. "Na huyu humwashii taa?"

"Ya nini? Mafunzo yanaingia kwa masikio. Namfunda gizani na anaelewa vyema."

Pili aliyasikia hayo, akayapitisha kama mtu apitishavyo jambo la kawaida.

Mafuta yalikuwapo, taa hazikuwapo. Basi mwezi ulipoisha, Bibi Chausiku aliyekuwa akizima taa za watu alianza kupita mlango kwa mlango akiziazima. Mji ukapata raha ambayo haukuwa umeipata tangu gari moshi la kwanza.

"Ati nini?" Mwaisha alimwambia, ameshika kiuno. "Taa yangu? Ikamwangazie ukuta wako?"

"Niadhiri, mwanangu, una haki. Lakini uniadhiri huku unaileta."

Mwaisha aliileta, na akajitia kuwa amekuja kuliona jini. Vinubhai alitoa taa mbili za chemni, zenye vioo, na mkewe Laxmi akaja nazo mwenyewe, amezikumbatia asizikwaruze. Stambuli alikuja na kandili, hakusema ameitoa wapi na hakuna aliyeuliza. Uani pakawa pananing'inia taa kila mahali: kwenye kamba, kwenye mpapai, kwenye ukingo wa paa. Pili alitia mafuta huku Yunusi akizipigia taa kelele za furaha na kutaka kuzila.

Mzee Pazi alishuka na wazee wenzake, vumbi la mlima magotini, wamechoka na wamejiandaa kutoridhika. Alipewa kigoda mbele. Baada ya magharibi Bibi Chausiku akatoa amri, na taa zote zikawashwa.

Watu walitazamana kwanza. Kisha mmoja akaanza kucheka bila sababu, na kicheko kikapita uani kama moto kwenye nyasi kavu. Mtu aliona mapengo ya jirani yake. Mwaisha aligundua kuwa kanga yake mpya ilikuwa na doa la mboga tangu asubuhi. Kuku walitoka bandani wakaanza kuchakura, wakidhani kumekucha. Mzee Pazi mwenyewe aliinua mkono wake akautazama mbele na nyuma, kama mkono wa mtu mwingine.

"Naam," alisema. "Mlete."

Mwali akatolewa, amefunikwa shuka, bibi yake kamshika mkono. Mkono huo hauachwi mpaka wimbo wa kwanza uishe; ukiachwa kabla, ni kama mwali ametupwa na kwao. Ngoma zikalia, wanawake wakapiga vigelegele, shuka likaondolewa. Shanga zilionekana zote: nyekundu, nyeupe, za bluu.

Mwanahawa akafumba macho, akajificha uso kwa kiwiko.

Bibi yake akamvuta. Mwanahawa akapiga hatua mbili huku kafumba macho, akakikanyaga kigoda cha babu yake, akayumba, akaangukia ngoma kubwa, na mpiga ngoma akawa anapiga hewa. Kuku wakatawanyika. Watoto wakashika mbavu. Lakini wazee wa mlimani hawakucheka.

"Shanga nimeziona," Mzee Pazi alisema. "Uso sijauona. Mwali aliyefundwa hafichi uso. Huyu hajafundwa, dada. Wimbo ukiisha bado kajificha, naondoka naye."

Chausiku alimtazama kaka yake, akamtazama mjukuu, huku machozi yakimtoka msichana chini ya kiwiko. Pili alikuwa karibu, Yunusi mgongoni, na kile alichokipitisha siku ile uani kikamrudia sasa chote kwa mara moja. Chumba kisicho na dirisha. Mafunzo ya gizani. Miezi yote ile msichana hakuona mwanga mkubwa kuliko ufa wa mlango.

Alisogea mpaka sikioni mwa bibi.

"Bibi, si aibu. Ni mwanga. Unamchoma macho."

Bibi Chausiku akazitazama taa zote, moja moja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Pili akafikiri analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta pa kutokea. Mkono wa mwali hakuuachia. Waimbaji walikuwa wanaukaribia mwisho wa wimbo, naye akawapigia kelele warudie kutoka mwanzo, maana sauti zao hazijaiva.

"Pili, mwanangu," akamnong'oneza. "Mimi mkono wangu umefungwa. Pumzi unazo?"

"Ninazo, bibi."

Pili akapuliza ya kwanza, ile ya Mwaisha. Akapuliza za kwenye kamba. Mwanahawa akashusha kiwiko kidogo, jicho moja likafunguka, likapepesa, na mguu wake wa kulia ukaanza kuufuata wimbo.

"Endelea, mwanangu, nakuomba," alisema Bibi Chausiku, akicheza tayari. "Zima na hizo za mpapai, na za Mhindi, zima zote. Bakisha kandili moja tu, umpe kaka yangu aishike kwa mkono wake, asije akafika mlimani akasema hakuona."