Siku Niliyomzibia Njia Baba Mkwe

Watu wa mpira hawajui kungoja. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao, maana timu yetu ya Kasongo niliipenda kabla sijampenda mume wangu, na ndiyo iliyonipa huyo mume. Baba yake alikuwa golikipa wa timu hiyo zamani. Hadi leo wazee sokoni wakimtaja huweka mizigo chini, waonyeshe kwa mikono jinsi alivyokuwa akiruka.

Kila mwaka mashabiki hukutana. Hutoka Kabambare, Nyangwe, hata Lusangi, kwa pikipiki na kwa miguu, wamevaa kitenge kimoja. Huimba, hubishana, hula. Mwaka ule tulipewa ukumbi wa shule wenye mlango mmoja, nami nikapewa protokole, yaani kazi ya kupokea watu na kuwakalisha. Walinichagua kwa sababu nina mdomo. Nauza vitenge sokoni, na mdomo ndio unaonilisha.

Kanuni yangu ilikuwa moja tu: kila mtu akae. Watu wakikaa, unaona kwamba nafasi imekwisha. Wakisimama, kila mwenye bega anadhani anaweza kulipenyeza. Mabenchi yalipojaa nikasema basi, waliobaki wasikilizie madirishani. Mwenyekiti wetu akanijia mbio.

"Mama, hawa wametoka Kabambare. Wamelala mu njia. Tutawaacha inje namna gani?"

"Sale haijui mutu ametoka wapi," nikamjibu nikimwonyesha ukumbi. "Imejaa."

Akaenda zake akinung'unika kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikajiuliza atapona nani tukibanana hivi. Nilipogeuka kumwonyesha bibi mmoja mahali pa kukaa, mwenyekiti akapitisha kundi zima, likasimama nyuma ukutani. Hasira zilinipanda, lakini nilikuwa mmoja na wao walikuwa wengi.

Mgeni wa heshima alikuwa baba mkwe mwenyewe. Tulipanga afike asubuhi, kabla ya watu, akae jukwaani atulie. Lakini yeye anakaa Kabambare, na barabara ya huko haina mpango na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki zilikwama kwenye tope, na mzee akachelewa. Mbele ya jukwaa binti yangu alikuwa akimngoja pamoja na watoto wenzake, maua mkononi, meno ya mbele yameng'oka, gauni jipya. Ana jina la mama yake baba mkwe, kwa hiyo babu yake humwita "mama", naye huitika kama mtu mzima.

Tukasikia honi nje: mzee amefika. Nikajua mara moja kwamba mambo yameharibika. Kwetu mkubwa akiingia, watu husimama. Ndiyo adabu, na hakuna aliyewahi kukatazwa adabu. Ukumbi mzima ukasimama kwa pamoja. Mabenchi ya nyuma yakaanguka, wa ukutani wakasogea mbele, na kule mbele watoto wakasukumwa kwenye mbao za jukwaa. Nikasikia kilio. Nilimtafuta wangu kwa macho nikaona migongo tu.

Nje, umati ulikuwa umemzunguka mzee ukiita jina lake, unakuja naye. Hapo ndipo nilipoelewa: akipita yeye, wote wanapita. Nikasimama katikati ya mlango, mkono huu kwenye mwimo huu, mkono huu kwenye mwimo ule.

Hapa niseme kidogo. Katika familia ya mume wangu, mke wa mtoto hakati njia ya baba mkwe. Hamtazami usoni, hamwambii neno moja kwa moja. Maneno hupitia kwa mtu mwingine. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimelishika hilo.

"Baba, musiingie," nikasema, namtazama. "Ndani watoto wanabanwa. Musimame hapo hapo."

Alisimama kama aliyepigwa kofi. "Weye? Unanizuia miye? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

Mwanamume mwingine angenisukuma nikaanguka chali. Yeye hakuweza. Kumgusa mke wa mtoto wake, tena kumwegemea kwa mwili, ni aibu ambayo isingefutika hata kwa faini ya ng'ombe. Umati ukamsukuma kutoka nyuma, naye akaona anakuja kuniangukia. Akageuka, akanipa mgongo, akatanua ile mikono yake mirefu akaanza kuwazuia watu, anawatukana kwa Kibangubangu. Kati ya mgongo wake na uso wangu hapangepita hata kitambaa, lakini hakunigusa.

Nyuma yangu vijana walivunja madirisha wakaanza kutoa watu. Binti yangu alitolewa kwa kupitishwa juu ya vichwa, akanijia amepauka, hana kiatu, hawezi kulia kwa sababu pumzi ilikuwa bado inarudi. Bibi mmoja alivunjika mkono. Hakufa mtu. Nilikaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti mbele ya timu nzima.

Mzee hakula. Alipanda pikipiki akarudi Kabambare. Hakumuaga mtu, hata mjukuu.

Kilichofuata kilikuwa kikao juu ya kikao. Mashemeji waliniuliza kwa nini sikumtuma mtu aseme badala yangu. Nilijibu kwamba mtoto asiyepumua hangoji mjumbe. Mume wangu alinitetea nyumbani, barazani alinyamaza. Tukapeleka kuku na kitenge cha kuomba radhi, vikarudishwa. Tukapeleka tena, vikarudishwa. Usiku nilikuwa nikijituliza kwa jambo moja: mzee alikuwa nje, hakuona, angejuaje? Mtu asiyejua ana haki ya kukasirika. Nilimhurumia, wallahi.

Mwishowe alikubali. Tukaenda wote Kabambare. Mama mkwe alipika yule kuku, nami nikaketi kando ya jiko nimewapa mgongo, kama inavyotakiwa. Mzee akamwita binti yangu ampelekee maneno, ingawa nilikuwa hatua chache tu na nasikia yote.

"Mama, umuambie mama yako imeisha. Umuambie vilevile, toka kwa dirisha niliona sale imejaa. Nilijua weye uko mbele, na watoto wenzako. Lakini walikuwa wananiita jina, mama. Siku mingi hawajaniita."

Mtoto akaja, akarudia kila neno kwa sauti yake ndogo, hakuruka hata moja.

"Mwambie babu nimesikia," nikasema.

Mume wangu alishusha pumzi. Wakanawa, wakala, wakaanza kucheka. Kwao yalikuwa yamekwisha. Mimi nilishika tonge langu, nikalirudisha sahanini, maana mwaka mzima nilikuwa nimeomba radhi kwa mtu aliyejua.