Shavu la Mwenyekiti

Clifford Haxby alikuwa amewafundisha udereva nusu ya watu wa Withernby, mji mdogo wa pwani ya Lincolnshire, na kwa hiyo alijiaminisha kwamba akiwaambia wageuke kulia watageuka kulia, hata mbele ya sanduku la kura. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Chama chenyewe kilikuwa kimekaa madarakani muda mrefu mno, hata hakikubaki na mtu wa kumlaumu.

Kampeni ilipoanza, jino lake la nyuma nalo likaanza. Kufikia wiki ya mwisho shavu lilikuwa limevimba kama amebugia kiazi cha moto. Kliniki ya meno ya pale mjini ilishafungwa, na za miji ya jirani zilimjibu kwa simu kwamba hazipokei wagonjwa wapya wanaotibiwa kwa gharama ya serikali. Angeweza kwenda kwa daktari wa kulipia, lakini ni yeye aliyeandika kwenye vipeperushi, "Huduma za meno zimeimarika." Akaona heri maumivu kuliko aibu. Hakujua kwamba atapata vyote viwili.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura, na mlango wa kwanza aliufungua Bi Maltby, muuza maua.

"He! Mwalimu, nani kakupiga?"

"Jino tu, mama."

"Daktari kasemaje?"

"Bado sijampata."

Bi Maltby akatazama kipeperushi, akatazama shavu, akarudi kwenye kipeperushi. "Basi pole," alisema, akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Nyumba iliyofuata aliona bora adanganye. "Nimeumwa na nyuki," alisema.

"Nyuki?" Desmond, fundi bomba, akamkagua. "Mke wangu naye kaumwa na nyuki huyohuyo. Juzi nimemng'oa kwa koleo."

Clifford akajikuta anacheka, na kucheka kukamuuma zaidi. Chama kilikuwa kimetundika mabango yenye sentensi yake ileile mji mzima, na yeye alikuwa anapita chini ya kila bango akilikanusha kwa uso wake.

Mgombea wao, bwana nadhifu kutoka London, alimwomba kwa adabu asogee nyuma kidogo wakati wa kupiga picha. Kisha nyuma zaidi. Mwisho Clifford alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akiwapungia mkono wapiga picha waliokuwa wamempa mgongo.

Hapo ndipo alipomkuta Glenys Ogle, msusi, ambaye alikuwa akigawa vipeperushi vya wapinzani.

"Mwalimu, twende Lincoln. Binamu yangu ni daktari wa meno, atakuona leo hii."

"Glenys, wewe ni mpinzani wangu."

"Mpinzani wako ni hilo jino. Ingia garini."

"Wewe si ulifeli mtihani wa udereva kila ulipofanya?"

"Nilifundishwa vibaya. Ingia, bwana!"

Njia nzima mguu wa Clifford ulikuwa ukikanyaga breki ambayo upande wake haikuwepo. Jioni alirudi na pamba mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika kampeni ile hakumdanganya mtu yeyote, maana hakuweza kusema.

Siku ya kura alikipigia chama chake vilevile. "Ukaidi," alijiambia, penseli mkononi, "ndiyo sera pekee tuliyobaki nayo."

Chama kikaanguka nchi nzima, na Withernby kikaanguka kifudifudi. Jumamosi tawi lilikutana kwa chai na biskuti. Mmoja alilaumu magazeti, mwingine mvua, mwingine akasema wananchi hawana shukrani. Pauline, katibu, akageuka.

"Mwenyekiti, wewe unaonaje?"

"Mimi?" Clifford akakohoa. "Kama ningejipigia hodi mwenyewe mlangoni kwangu, na shavu lile, ningejifungia nje. Tulikuwa tunawaambia watu kwamba wako salama, wakati wao ndio wanaoumwa. Na sentensi ile niliitunga mimi, tena nikaisifu. Nilidhani watasoma karatasi, wasinitazame."

Akatangaza kwamba anajiuzulu, na moyoni akaanza kuwaza waridi zake na usingizi wa mchana. "Haya, nani anataka kiti?"

Wote wakazitazama biskuti. Pauline akampendekeza Clifford, mtu mwingine akaunga mkono bila kuinua uso, na kabla chai haijapoa alikuwa amechaguliwa tena bila kupingwa. Ulikuwa ushindi pekee ambao chama kiliupata Withernby mwaka ule.