Pumzi Sita za Selestina

Kwa miaka kumi na mmoja Selestina Nimpaye alipika kando ya barabara ya Rusumo, pale Lusahunga, na madereva wa malori walimjua kwa ndizi zake. Asubuhi moja ya mwezi Machi lori lilikosa breki likaingia bandani mwake. Yeye alikuwa ameenda kuchota maji. Banda likawa kuni. Mwili wake haukupata hata mkwaruzo.

Lakini tangu siku hiyo, kila breki ya lori ilipopiga pusiii, moyo wake ulienda mbio na mikono ikapoa kama ya maiti. Mumewe, Marcel, alisema, "Tuache mambo ya barabarani. Twende tukalime Nyantakara."

"Kulima najua," alimjibu. "Kukimbia ndiko nisikokujua."

Akaenda zahanati. Alipimwa, moyo ukaonekana mzima. Nesi Leonidasi, kijana wa Nyamigogo, akaketi naye.

"Mama, mwili wako bado unadhani lori linakuja. Hebu weka vidole hapa kwenye mshipa wa mkono. Vuta pumzi taratibu kwa pua, hesabu mpaka nne. Sasa itoe, mpaka sita."

Selestina akavuta, mapigo yakaharakisha kidogo. Akatoa, yakapungua mwendo chini ya vidole vyake. Akarudia mara tano, akamtazama nesi.

"Kumbe naweza kuuamuru?"

"Kuuamuru hapana, mama. Kuubembeleza, ndiyo. Pumzi ndefu ya kutoka inauambia mwili hatari imepita. Fanya asubuhi na jioni, hata ukiwa mtulivu, ili mwili uzoee."

Nyumbani alihesabu kwa Kirundi, lugha ya kwao, rimwe, kabiri, gatatu, kwa sababu akihesabu kwa Kiswahili akili ilikimbilia sokoni. Wiki ya kwanza hakuona tofauti kubwa. Ya pili akaanza kulala vizuri. Ya tatu akamwambia Marcel alete mabati, wakasimamisha banda upya, hatua ishirini nyuma ya lile la zamani, maana ujasiri si upumbavu.

Siku ya kufungua, kabla ndizi hazijaiva, lori likasimama mbele yake. Pusiii. Moyo ukaruka. Selestina akashika mwiko, akaitoa pumzi mpaka gatandatu, yaani sita, kisha nyingine, na nyingine tena. Mapigo yakashuka.

Dereva akanawa mikono, akaingia.

"Shikamoo, mama. Kuna nini leo?"

"Marahaba. Ndizi. Nikuwekee nyama au maharage?"