Mwonjaji na Kimiminika Kisicho na Ladha

Jumatatu tarehe 6 Februari 2023, mwonjaji mkuu wa kiwanda kimoja cha juisi alifeli mtihani aliokuwa ameufaulu miaka kumi na moja mfululizo. Karatasi ya majibu bado imo kwenye faili lake: masinia kumi, majibu sahihi matano.

Mtihani wenyewe hauna mafumbo. Kila sinia lina glasi tatu. Mbili zimejazwa kutoka pipa moja, ya tatu ni ngeni. Mwonjaji anapiga funda, analizungusha mdomoni, analitema, kisha anaitaja ngeni. Anayekosa zaidi ya mara mbili haketi kwenye meza ya kuonja. Huyu wenzake walimwita Mizani, kwa sababu akishasema sukari imezidi, hakuna aliyebisha. Mkuu wa maabara, mzee wa maneno machache, alimwambia atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Akifeli, atarudi kufunga makasha, alikoanzia kazi akiwa na miaka ishirini.

"Una mafua?" mzee akauliza.

"Sina."

"Basi kuna kitu unakila."

Hakuwa akikila, alikuwa akikivuta. Mwaka mmoja kabla, wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuja nyumbani na sigara ya kielektroniki yenye ladha ya embe. Mizani hakuwahi kugusa sigara. Moshi wa tumbaku ulimchefua. Lakini kitu hiki kilinukia kama kazini kwake. Akakijaribu kama anavyojaribu juisi: akaushika mvuke mdomoni, akauzungusha, akautoa. Waonjaji wana kanuni wanayofundishwa siku ya kwanza, kwamba asiyemeza hadhuriki, naye akaibeba hadi mahali isipohusika. Nikotini haingoji kumezwa. Ngozi laini ya mdomo inaipitisha, na kila mara mvuke kidogo ulimponyoka ukashuka kifuani. Baada ya embe likaja nanasi, baada ya nanasi mnanaa. Mwaka ulipokwisha alikuwa hamalizi chai ya asubuhi bila kukipapasa kile kifaa, na bado alijiambia anaonja tu.

Jioni ya siku aliyofeli, wifi alimkuta jikoni na kumuuliza mbona uso ameukunja kama shati lisilopigwa pasi. Alipoelezwa, akacheka.

"Si uache, wifi? Kwani wewe unavuta? Unaonja."

Usiku ule Mizani alikiweka kifaa juu ya kabati. Alfajiri alipanda kiti kukifuata.

Kwa kuwa meza alikuwa amenyimwa, alipewa kazi ya kuchanganya. Wiki ya pili yakaletwa machungwa machungu. Kazi yake ilikuwa kudondosha ladha ya pichi, tone baada ya tone, hadi waonjaji waache kukunja nyuso. Kwenye tone la tisa wakaacha, mmoja akaomba aongezwe glasi. Mizani akabaki na kitonesheo mkononi. Uchungu ulikuwa umo wote ndani ya glasi, haujapungua hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu alitaka zaidi. Akaelewa kwamba kuna mtu mahali fulani, mwenye kitonesheo kama chake, aliyemfanyia yeye, kwa ladha ya embe, kile anachowafanyia waonjaji.

Akitoka kazini alipitia duka la sigara za kielektroniki akataka kimiminika cha kifaa chake, chenye nikotini ileile, kisicho na ladha yoyote. Muuzaji alitafuta hadi rafu ya chini kabisa, akapangusa vumbi, akasema hicho hakina mnunuzi. Nyumbani alivuta mara mbili. Koo likawaka, ulimi ukakakamaa kama umelazwa juu ya kidonge kichungu. Akampa wifi, wifi akakohoa hadi machozi.

"Hii ndiyo tunayovuta?" wifi akauliza.

"Kila siku. Tulikuwa tunapakiwa embe juu yake."

Tangu siku hiyo akajiwekea sharti: hamu ikimshika, ruksa, lakini bila ladha. Nikotini ilimdai kama kawaida. Kichwa kiligonga, usingizi ulikatika, na mumewe akajifunza kubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Ila sasa kila hamu ilikuja na uchungu wake wazi, na mara nyingi aliupima akaona haumfai. Mara ishirini kwa siku zikawa nane, nane zikawa mbili. Mwisho wa wiki ya tano alimimina kilichobaki, akatupa na chupa.

Tarehe 8 Mei aliketi mbele ya masinia kumi. Manane yalipita bila shida. La tisa alilirudia mara tatu, mzee akiangalia saa, kisha akagusa glasi ya kushoto.

"Hii. Pipa lake limekaa siku moja zaidi."

Mzee akafungua daftari, akalifunga, akamsogezea sinia la mwisho. Alipolimaliza, akamwandikia kumi kati ya kumi kwa wino mwekundu, akainuka na kumpa mkono, jambo ambalo hakuna pale maabara aliyewahi kuliona. Wafunga makasha wakamtumia salamu kwamba wamesikitika sana. Aproni yake walikuwa wameshaipiga pasi.

Kesho yake saa mbili asubuhi aliketi kwenye kiti chake, akasuuza mdomo kwa maji, na kuanza na pipa la kwanza la juisi ya mapera.