Siku Nilipomfunga Sungura Kamba ya Mbuzi

Wewe unayeuliza kama ni salama kumtembeza sungura kwa kamba, kaa hapa nikueleze, ila usicheke mapema, maana jibu lenyewe nililipata nikiwa nimepiga magoti kwenye mibuni ya baba yangu kule Izigo, gauni langu la Jumapili limejaa udongo, mbele ya watu waliotoka Muleba kuja kuniposa. Ndiyo, kuniposa mimi. Haya, umeshaanza kucheka.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo mjini Bukoba, nikiishi kwa Shangazi pale Hamugembe, na nilikuwa na sungura mweupe niliyemwita Pamba, niliyepewa na mzazi mmoja wa Miembeni (yeye alinipa kwa ajili ya sufuria, mimi nikamtengenezea kitanda, na Shangazi akawa anamtazama kila siku kama mboga iliyocheleweshwa). Sasa kila jioni kando ya ziwa alipita bibi mmoja wa Kizungu na kijibwa chake kwenye mkanda wa ngozi, wakienda sawasawa kama mtu na mdogo wake, na mimi nikasema moyoni, Pamba ana nini asichoweza? Wazo hilo nikalitunza. Laiti ningelitupa ziwani.

Siku ya posa tukaenda Izigo, na Pamba ndani ya kikapu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Nyumbani kila kitu kilikuwa tayari: ndizi zinachemka, kahawa ya kutafuna iko kwenye kikapu chake kidogo, na sebuleni zimetandikwa nyasi mbichi, laini, kama tunavyowatandikia wageni wa heshima. Shangazi akanivuta pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Leo tunapimwa. Baba yako bado hajaridhika na hawa watu, na wao hawajaridhika na msichana aliyesoma. Wewe kaa jikoni, usionekane mpaka uitwe. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Na nilisikia kweli. Mutalemwa, kijana aliyekuja kuniposa, nilikuwa nimempenda tayari, na nilijua baba akipata sababu ndogo tu ya kuahirisha, ataahirisha mpaka niote mvi. Lakini Pamba alizinusa zile nyasi za sebuleni, akaanza kukwaruza kikapu kwa fujo, nikaona atanitia aibu (mimi ndiye niliyeona hivyo!), basi heri nimtoe nyuma ya nyumba atembee kidogo achoke. Nikachukua kamba ya mgomba, nikamfunga shingoni kama tunavyomfunga mbuzi, tukatoka.

Hapo nikajifunza jambo la kwanza. Mbuzi ukimvuta, anakupigia kelele lakini anakuja. Sungura ukimvuta, anakaa. Nilivuta, akakaa. Nikabembeleza kwa Kiswahili, nikabembeleza kwa Kihaya, akaendelea kukaa na pua yake inacheza, mpaka alipoamua mwenyewe kwenda, na alipoamua, mimi ndiye niliyetembezwa, tukapita migombani, tukaingia kwenye mibuni, mbali na jikoni nilikoambiwa nisitoke.

Kisha mbwa wa jirani akabweka. Mara moja tu! Pamba akaruka juu moja kwa moja, kamba ikambana shingo, akawa anapiga mateke hewani huku macho yamemtoka, na mimi nikaacha kufikiria posa na wageni, nikafikiria tu kwamba namuua mnyama anayeniamini. Nikajitupa chini, nikalegeza fundo kwa meno. Akachomoka. Nikamfuata kwa magoti chini ya matawi, kitambaa cha kichwa kikabaki kwenye mti, na nilipotokea upande wa pili nikajikuta njiani, nimetambaa kama mtoto, kamba tupu mkononi, mbele ya viatu sita vilivyong'arishwa vizuri.

Mzee aliyekuwa mbele, ambaye ndiye mshenga, akanitazama kwa utulivu.

"Binti, umepoteza mbuzi?"

"Hapana, waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Sungura."

Nyuma yake Mutalemwa aliinama kana kwamba anatazama kiatu chake, mabega yakimtikisika. Kwa wakati ule nilidhani analia.

Kutoka ndani tukasikia sauti ya baba: "Nani ameleta hiki kitu humu?" Wakaingia, na mimi nyuma yao (sikuwa na cha kuficha tena), na hapo katikati ya sebule Pamba ameketi, anakula zile nyasi za wageni, ametafuna mpaka udongo unaonekana. Shangazi akatazama sungura, akatazama gauni langu, akawageukia wageni.

"Msiogope. Si mwendawazimu. Ni mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa anakunja uso, na nilimjua, neno la kuahirisha lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo Mutalemwa akavua koti lake, koti jipya la siku ile, akamfunika Pamba taratibu, akampakata huku mkono mmoja umeshika miguu ya nyuma, akapapasa shingo yake na kusema, "Hajaumia. Anatetemeka tu." Pamba akashukuru kwa kulilowesha koti. Mutalemwa aliendelea kumpakata vilevile, matone yakidondoka.

Baba alimtazama kijana huyo, akalitazama na lile koti. Kisha akasema, "Mpeni kiti."

Baadaye niliitwa kwa desturi, nikapiga magoti nikiwa na gauni la kuazima, baba akaniuliza, "Wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba. Tumekutana kwenye mibuni."

Hapo nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko, na mshenga akapaliwa na kahawa yake.

Sijamfunga tena sungura shingoni, na sitamfunga mpaka nife. Lakini swali lako ni jema, na usikate tamaa, inawezekana. Kamba ya shingoni humnyonga, na akiruka kwa hofu huku umemvuta anaweza hata kuvunjika mgongo. Basi mshonee mkanda laini wa kuzunguka kifua na tumbo, mzoeshe ndani kwanza, kisha umtoe uani penye utulivu pasipo mbwa, umfuate yeye anakokwenda. Na siku ukisikia wageni wanakuja, mrudishe kikapuni, ufunge kifuniko.