Rimoti Iliyotiwa Mate

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hata mimi mwenyewe nikisimulia huwa nasikia kichefuchefu. Haya sikusimuliwa. Yalinikuta Pangani, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, na ushahidi ninao mfukoni.

Zilikuwa enzi za ruksa. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, ghafla kila kitu kikawa kinaingia nchini, na karibu chote kimeshatumiwa na mtu mwingine. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni; hata kikombe alichonywea ndugu yangu sinywei kabla ya kukisuuza. Lakini gari jipya ningelitoa wapi? Nikanunua la mtumba, la Kijapani, lililopitia Dubai, nikasugua viti vyake kwa maji ya moto na sabuni, nikajiona nimefika. Lilikuwa na rimoti. Mtaani kwetu Usagara, mjini Tanga, wenye rimoti tulikuwa tunahesabika, nami nililifunga na kulifungua hata pasipo haja, ili watu wasikie linavyolia.

Mke wangu Mwanaidi alikuwa na mimba pevu. Tulikwenda Pangani kumwona mama yake, tukalala. Kesho yake, wanaume wote wakiwa msikitini isipokuwa mimi niliyebaki kumwangalia, uchungu ukamshika vibaya na damu ikaanza kutoka. Mkunga wa jirani akamtazama, akatikisa kichwa. "Huyu si wa kuzalia nyumbani. Mkimbizeni Tanga akapasuliwe." Mama mkwe akatoka mbio, kanga mkononi: "Baba, washa gari! Hima!"

Nikabonyeza. Kimya. Nikasogea hadi mlangoni, nikabonyeza tena. Kimya. Tundu la ufunguo lilikwisha kuliwa na kutu ya chumvi, ufunguo hauzunguki. Kuvunja kioo? Ningevunja, lakini gari lile bila rimoti haliwaki, linapiga king'ora tu. Nikaifungua rimoti, nikatoa betri, nikaifuta kwa kanzu. Wapi! Nikaianika juu ya boneti. Wapi! Mwisho nikafanya tulichokuwa tukifanya kwa betri za redio wakati wa dhiki: nikaiuma.

"Hukuuma vizuri," akasema mtu nyuma yangu.

Alikuwa mzee, kanzu nyeupe pe, kofia ya viua, ananukia udi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Hapo ndipo ningeshtuka, au siyo? Mzee gani wa pwani haitikii shikamoo? Na mzee gani mwenye kanzu safi namna ile hayuko msikitini saa ya hotuba? Lakini kutoka ndani nilikuwa namsikia mke wangu akilia, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kitufe.

"Lete nikusomee," akasema.

Kwetu mzee akikusomea dua na kukutemea mate kidogo si ajabu. Ni baraka, na hata sisi wenye kinyaa tunafumba macho tunapokea. Nikampa. Wallahi, sikutegemea alichofanya. Aliitia rimoti nzima mdomoni, akaanza kuimung'unya kama mtu anyonyaye kichwa cha samaki. Ulimi wake ulikuwa wa kijivu, mrefu, ukitokea upande mmoja wa midomo na kurudia upande wa pili, ukilamba ufizi usio na jino. Ute mzito ukamchuruzika ndevuni. Harufu ya udi ikaisha, ikaja ya pweza aliyeozea juani. Nilitapika palepale, mbele ya gari. Yeye huku anasoma, mdomo umejaa, na sikusikia hata neno moja.

Akaitema kiganjani mwangu. Ilikuwa ya moto. "Sema amina."

Wewe ungesema nini? Nikasema, "Amina."

Gari likalia, milango ikafunguka. Nilipogeuka kumshukuru sikumwona mtu. Mchangani hapakuwa na nyayo zake, palikuwa na ute tu, kama njia ya konokono, ila wenye upana wa jamvi.

Tulifika Tanga. Mwanaidi akapasuliwa, akapona, tukapata mtoto wa kike. Nililifunga gari nikaingia wodini kwa furaha, nikakuta wanahangaika. Mtoto alikuwa akilia vizuri, mara amekaza kinywa, hanyonyi, midomo imebana kama imeshonwa. Wauguzi wakanong'ona habari za pepopunda. Mama mkwe akanituma kanga nyingine garini. Nikabonyeza kufungua, na kupitia dirishani nikamsikia mtoto analia. Nikachukua kanga, nikafunga. Kilio kikakatika katikati.

Nilisimama pale, ute bado unaninata vidoleni, nikaelewa nilichokuwa nimekiitikia. Nikafungua, akalia. Tangu hapo sijalifunga gari lile tena. Waliiba redio, wakaiba viti, mwishowe wakaiba na magurudumu, na majirani wakasema nimerukwa na akili.

Kuichoma rimoti? Kuitupa baharini? Mama mkwe alinishauri hivyo hivyo. Lakini jiwe likikilalia kile kitufe huko chini, mwanangu atakula kwa kinywa gani? Kwa hiyo ninayo, nimeivingirisha kitambaa, ndani ya kikopo cha ugoro, kitu kisiiguse. Betri nilishaitoa zamani. Kila jioni nabadili kitambaa kwa sababu hakikauki. Mate yale yanatoka bado, mazito, yananuka vilevile, nami mwenye kinyaa changu nayafuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Basi nakuomba, ndugu yangu. Asiyeitikia shikamoo usimpe kitu chako. Na dua usiyoisikia usiiitikie amina, hata ukibanwa vipi.

Binti yangu sasa ni mkubwa, anasoma kaswida kwenye maulidi na watu wanatokwa na machozi. Hajui lolote. Wote wanamtazama yeye. Mimi nakaa nyuma kabisa, nimekishika kikopo kwa mikono miwili, nikihofia mtu asije akanisukuma.