Mapazia ya Mianzi Yaliyouza Nyumba Newala

Saa moja kasoro robo asubuhi, mjini Newala. Mvua ya usiku imeacha uwanja mwekundu na ndoo zimejaa chini ya mapaa. Sebuleni kwa marehemu baba yake, Winfrida, fundi cherehani mwenye umri wa miaka arobaini na saba, amepiga magoti chini ya dirisha. Mbele yake kumetandikwa kipande cha kaniki, naye anakikagua kama mtu aliyeangusha sindano.

"Hakuna kitu," anasema, kisha anahamia dirisha la pili.

Anachotafuta ni unga. Si unga wa kula, bali ule unaomwagika dumuzi wanapotafuna mwanzi. Madirisha yote sita ya nyumba hii yana mapazia ya mianzi ya kukunja, kazi ya mikono yake mwenyewe. Leo saa nne anarudi mnunuzi ambaye mwanzoni mwa msimu aliikimbia nyumba kwa sababu ya unga huo.

Ni Januari 1996, na magunia ya mwisho ya korosho yanateremka kwenda Mtwara. Kwa Mama Edson, kama wengi wanavyomwita, muda nao unakwisha.

Hakuwahi kuota kuuza nyumba. Kwa miaka kumi na sita alishona sare za shule kwenye baraza la duka sokoni, kazi iliyomsomeshea watoto wake.

"Biashara ilipofunguliwa tulishangilia sana. Kumbe mitumba nayo ilikuwa njiani," anasema. "Nilikuwa nashona sare kumi kwa wiki, zikabaki mbili. Tukawa tunakaa mimi na cherehani kama tumegombana."

Baba yake alipofariki mwaka juzi, nyumba ilibaki kwa watoto wawili: yeye na mdogo wake Christopher, mwalimu wa shule ya msingi Lukuledi. Jirani mmoja akatoa laki sita kuinunua kama ilivyo. Christopher akaona heri nusu shari.

Winfrida alikataa. Kwa bei hiyo fungu lake lisingefika bei ya kibanda cha kazi alichokiona Masasi, kando ya barabara kuu, mahali ambapo fundi hakosi wateja. Akamwomba mdogo wake ampe muda mpaka msimu wa korosho uishe. Akishindwa, nyumba iende kwa jirani, naye asinung'unike.

Akaziba matobo ya bati. Akasawazisha sakafu kwa saruji na kupaka kuta chokaa. Shida ikawa madirisha. Marehemu alipenda mwanga, akayajenga mapana. Mbao zake zikifungwa, ndani ni giza mchana kweupe. Zikifunguliwa, vumbi la kiangazi linaingia na mtaa mzima unajua umekula nini.

"Mtu wa kwanza kuja kuiona alisema nyumba iko uchi," anakumbuka. "Niliona aibu kama amenisema mimi."

Alikwenda Masasi kuulizia bei. Mapazia ya plastiki kutoka Dar es Salaam yalikuwa shilingi elfu kumi na nane kwa dirisha moja. Akayashika, akayaacha. Mapazia mazito ya kitambaa yangezuia upepo na kutaka kufuliwa kila wiki, na kiangazi Newala maji yananunuliwa kwa ndoo. Ya mitumba yalikuwa rahisi, lakini hakupata mawili yanayofanana.

"Madirisha sita, rangi sita! Mnunuzi angedhani ni gesti," anasema na kucheka.

Ndipo akaamua kutumia mianzi. Aliichana kwa panga, akaikwangua, akaifunga kwa uzi wa katani uliofumuliwa kutoka magunia ya korosho yaliyochanika. Pembeni akapiga ukingo wa kitenge kwa cherehani. Gharama haikufika elfu mbili kwa dirisha. Yalipendeza mno, ila kuna hatua moja aliyoiruka.

"Nangu nilijua kabisa kwamba mianzi inalowekwa," anakiri, Chimakonde kikimponyoka. "Lakini wenzangu wanapanga foleni ya maji ya kunywa, mimi nikamwage mapipa matatu kwenye fito? Nilijiambia itakauka tu, itakuwa salama."

Oktoba akaja Mahmudu, kijana wa Lindi, mmoja wa wafanyabiashara binafsi ambao siku hizi hupanda Newala kila msimu kununua korosho. Alichoka kupanga, akataka nyumba yake. Vyumba vilimpendeza, uwanja ukampendeza. Kisha akaona unga juu ya sakafu mpya. Akainua macho darini, akaamini kenchi za paa nazo zimeliwa.

"Nilimwambia, mama, mimi nanunua nyumba, sinunui chakula cha dumuzi," anakumbuka Mahmudu. "Nikaondoka."

Winfrida alilia siku nzima. Siku ya pili akapanda lori kwenda Lukuledi kumwambia mdogo wake kwamba ameshindwa.

Aliyempokea mlangoni ni Imakulata, mke wa Christopher. "Nilimsikiliza mpaka mwisho," anasema Imakulata. "Nikamwuliza, wifi, muhogo mchungu unaupika bila kuuloweka? Akasema hapana. Basi mwanzi umekukosea nini? Dumuzi wanafuata utamu uliomo ndani. Mto utautoa."

Jioni hiyo hiyo walikwenda kukata mianzi mipya. Mwalimu aliyekuwa wa kwanza kutaka kumuuzia jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia majini, suruali imekunjwa magotini. Waliizamisha kwenye dimbwi la mto Lukuledi, wakaigandamiza kwa mawe, ikakaa wiki tatu.

"Ilinuka!" anasema Winfrida. "Tulipoianika kivulini, majirani waliuliza ni mbuzi wa nani aliyefia uani."

Ilipokauka, waliipakia kwenye malori yanayopanda Newala matupu kufuata korosho. Madereva hawakuona sababu ya kumtoza Winfrida nauli kubwa. Akayafuma upya mapazia yote sita, akayatundika, akatandika kaniki chini ya kila dirisha. Kisha akamtumia Mahmudu salamu: njoo na fundi wako.

Saa nne na dakika kumi, Mahmudu anabisha hodi, nyuma yake seremala mwenye nyundo.

"Shikamoo, Mama Edson."

"Marahaba, mwanangu. Vueni viatu, sakafu mpya."

Seremala anapanda darini. Nyundo inagonga kenchi moja baada ya nyingine, na Winfrida anahesabu kwa midomo tu. "Nzima zote," sauti inatoka juu.

"Hizi kaniki zina siku saba, sijazikung'uta," Winfrida anamwambia mgeni. "Pitisha mkono."

Mahmudu anapitisha kiganja, anakitazama, anapitisha tena. Kiganja ni safi. Winfrida anashusha pazia. Mwanga unaingia kwa mistari myembamba, hewa inapita.

"Na wa nje hanioni?"

"Nenda ukatazame mwenyewe."

Mahmudu anatoka, anabandika uso dirishani.

"Unaona nini?" anauliza Winfrida kutoka ndani.

"Sioni kitu!"

"Mimi nakuona mpaka vifungo vya shati. Kimoja kimekatika. Ukija na fedha nitakushonea bure."

Kufikia saa nane mchana, mbele ya mtendaji wa kata, nyumba imeuzwa kwa milioni moja na laki moja. Winfrida anapiga kigelegele kinachosikika sokoni. Christopher, aliyeomba ruhusa shuleni ili ashuhudie, anamshika mkono dada yake na kusema kwa sauti, "Dada, nilipaswa kukusikiliza tangu mwanzo." Macho yake yamelowa, wala hayafuti.

Juma lijalo Winfrida anahamia Masasi, kibandani kwake. Mteja wa kwanza ameshapatikana: Mahmudu anataka mapazia manane kwa nyumba ya makarani wake, na anayataka haraka.

Winfrida amekataa haraka hiyo: mianzi sharti ikae majini wiki tatu kwanza. Kabla ya kufunga mlango wa nyumba ya baba yake kwa mara ya mwisho, anachukua pazia moja kati ya yale ya kwanza, lililotobolewa kila mahali, na kulikunja taratibu ili lisivunjike.

"Hili nitalitundika ukutani, juu ya cherehani," anasema. "Mteja akinihimiza, nitamwonyesha. Akiendelea kunihimiza, akanunue plastiki."